Kinywa cha Manase

Siku Ruthi Zebedayo alipozikwa, mwezi wa Machi mwaka 1958, jamaa walioteremka kutoka Bumbuli waliona jambo lililowashangaza. Mchungaji alipofungua kitabu, kijana mmoja wa Kidigo, kofia ya viua kichwani, alitoka katika kundi la Waislamu waliosimama kando, akaenda kusimama mbele ya Manase, mdogo wake marehemu. Akaanza kuyageuza maneno ya Mchungaji kuwa ishara za mikono. Manase ni kiziwi. Hakuondoa macho kwenye mikono ile mpaka kaburi lilipofukiwa. Shangazi mmoja aliuliza kwa nini kazi hiyo haikufanywa na mtu wa nyumbani. Akajibiwa kwamba mtu wa nyumbani aliyeijua ndiye huyo aliyekuwa anafukiwa, na kwamba yule kijana, Safari Mselem, ndiye mtu ambaye Ruthi aliwahi kumchukia kuliko wote duniani.

Ruthi alipewa miaka kumi na saba tu, na Mungu anajua kwa nini hakumwongezea. Alizaliwa Bumbuli mwaka 1941. Baba yake alikuwa na shamba dogo la mahindi na migomba lililogawanywa kati ya ndugu sita, na mwaka 1947 aliona halitoshi tena. Akateremka na mke na watoto wawili mpaka kwenye shamba la mkonge mbele ya Pongwe, akapewa chumba kimoja kambini na panga la kukatia mkonge.

Mwaka huohuo wa kwanza Manase, aliyekuwa na miaka minne, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Wengi walikwisha kukata tamaa, lakini siku ya tisa alifumbua macho akaomba uji. Wakamshukuru Mungu. Wiki ya pili mama yake aliangusha sufuria nyuma ya kichwa chake, na mtoto hakugeuka. Maneno aliyokuwa nayo yalianza kumtoka moja moja, kama vitu vinavyoanguka kutoka mfuko uliotoboka. La mwisho kubaki lilikuwa jina la Ruthi, nalo likapotea kabla ya Krismasi.

Hapo ndipo Ruthi, mtoto wa miaka sita, alipoanza kazi yake. Kushika ndewe ya sikio kulikuwa mama. Kupitisha kiganja chini ya goti, kama panga linalopita kwenye shina, kulikuwa baba. Kidevu kilikuwa Ruthi mwenyewe, kwa sababu alikuwa na kovu pale. Wazazi walijifunza ishara thelathini au arobaini, za kula na kulala na kuumwa. Ruthi alizijua zote, maana ndiye aliyezitunga na Manase, wawili hao wakikaa kwenye kizingiti mchana kutwa wakati watu wazima wako kazini. Wakati wa sala ya jioni Manase alimtazama dada yake, si baba. Mikono ya Ruthi ndiyo iliyomwombea.

Mwaka 1951 Mwalimu Ernesti wa shule ya misheni alikubali kumpokea Manase kwa sharti moja, kwamba dada yake aketi naye dawati moja. Ruthi alikwisha kumaliza darasa la kwanza. Akarudi tena la kwanza bila kunung'unika, akaketi na wadogo, magoti yakigusa ubao wa dawati. Mwalimu alizoea kusema mbele ya wageni, "Huyu ndiye kinywa cha Manase," na Ruthi alikuwa akiinamisha kichwa ili wasione anavyofurahi.

Njiani alimshika mdogo wake kifundo cha mkono, kwenda na kurudi. Wavulana walipomsukuma Manase katika wiki za kwanza, aliwaparua. Walipokuja baadaye kwa wema, wakimwambia Ruthi amuulize kama anataka kucheza, aliwajibu palepale, "Hataki." Hakumuuliza. Mwanzoni ilikuwa kumlinda, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Halafu ikawa mazoea. Wasichana walicheza rede, wakikwepa mpira, nyuma ya darasa, nao Ruthi na Manase walikaa kwenye ngazi, wamepeana mabega. Wasichana walipomwita, mara moja au mbili, alisema ana kazi. Kusema kweli hakujua mtu anaingiaje katika mchezo ambao wenzake wamekwisha kuuanza, na Manase alimpa sababu ya kutojifunza.

Walikuwa darasa la tatu, mwaka 1953, Safari alipohamia.

Baba yake, Mzee Mselem, aliletwa kutoka shamba jingine kuja kulisha mashine ya korona kiwandani. Aliyewahi kuingia kiwandani anaijua mashine hiyo. Inameza majani ya mkonge upande mmoja na kutema singa nyeupe upande wa pili, na kelele zake zinaingia mpaka kwenye meno. Hakuna anayeweza kumwita mwenzake pale, hata akipiga kelele mdomo ukiwa sikioni. Kwa hiyo watu wa korona huzungumza kwa mikono. Wana ishara ya punguza, ya ongeza, ya nyapara anakuja, ya umekula nini na mkeo amejifungua nini. Wanataniana kwa mikono, wanatukanana, wanapeana habari za msiba. Zebedayo alikuwa mtu wa kukata mkonge, kazi yake ilikuwa huko juani, na familia yake haikuyajua hayo. Safari aliyanyonya pamoja na maziwa, maana kila mchana tangu anajua kutembea alipelekwa na mama yake kumpa baba chakula.

Siku ya kwanza shuleni, Safari hakumuuliza Ruthi chochote. Alisimama mbele ya Manase, akatikisa mikono miwili, akagusa tumbo, akakunja uso kama mtu aliyekula kitu kichungu. Manase alimtazama. Akacheka kwa sauti yake ile nzito isiyo na mpaka, mpaka watoto wote wakageuka. Ruthi alianza kumfasiria, lakini hakuna macho yaliyomwangalia. Mikono yake ilibaki hewani.

Katika wiki mbili wavulana wote wa darasa la tatu walikuwa wanaongea kama watu wa kiwandani. Waliipenda lugha hiyo kwa sababu Mwalimu akigeukia ubao wanaweza kupiga soga bila kusikika, na Manase, aliyezijua ishara tangu mdogo, ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Walimwendea yeye wapewe majina. Mwalimu Ernesti akawa mtu anayekuna shingo. Mchungaji akawa mtu anayetafuta miwani. Ruthi aliketi dawati lilelile, na mikono ikipita mbele ya pua yake, akawa haelewi nusu ya yanayosemwa. Kila jioni alimdai Manase amfundishe zile mpya. Manase alimfundisha mbili au tatu, akachoka, akaenda kucheza.

Ruthi hakujua kwamba mtu anaweza kumwonea mwingine wivu wa vidole. Alivitazama vidole vya Safari, virefu, vyenye magamba ya utomvu wa mkonge, akatamani vivunjike. Alimchukia anavyopiga mluzi. Alichukia hata jinsi Manase alivyoanza kupangusa pua kwa mgongo wa mkono, kama Safari. Akiwa anatwanga aliwaza walichokuwa wanacheka. Akiwa kanisani aliwaza, halafu akaona haya, halafu akawaza tena.

Siku moja alijikaza akamuuliza Safari kama na yeye amepewa jina.

"Umepewa," Safari akasema. Akajishika kifundo cha mkono kwa nguvu, akajivuta, akajikokota hatua tatu kama mbuzi anayepelekwa machinjoni. "Ndiyo wewe hiyo. Usinikasirikie mimi, dada. Aliyekuita hivyo ni Manase mwenyewe."

Kidevu chake chenye kovu kilikuwa kimesahauliwa. Ruthi alikwenda kisimani akakaa huko mpaka kengele ya pili.

Kisha likaja jambo la mpira. Manase aligunduliwa kuwa golikipa. Macho yake yalikuwa makali badala ya masikio, na hakuna kelele za uwanjani zilizoweza kumtia hofu. Hakuisikia filimbi, lakini wenzake walikwisha kulitatua hilo. Safari alicheza nyuma, na kila filimbi ilipolia aliinua mkono juu. Mwezi wa Agosti shule yao ilialikwa kucheza na shule moja ya Ngamiani, Jumamosi, mjini kabisa, na lori la singa lingewachukua vijana kumi na mmoja juu ya marobota. Watoto wengi wa kambi walikuwa hawajawahi kufika Ngamiani. Kwa wiki nzima hawakuzungumza jingine, kwa midomo wala kwa mikono.

Alhamisi, wakati wavulana wako kwenye shamba la shule, Mwalimu Ernesti alimwita Manase mezani pake, na Ruthi akaja naye kama kawaida. Mwalimu alisema yeye anataka Manase aende, lakini mjini kuna magari na baiskeli nyingi, na mtoto asiyesikia ni dhamana. Hatampeleka asipokuwa na uhakika. Akamwambia Ruthi amuulize vizuri.

Ruthi alimuuliza vizuri. Hilo alilifanya. Manase alijibu kabla hajamaliza. Atashika shati la Safari njia nzima, hatavuka barabara peke yake, atalala mapema, atafanya lolote. Uso wake ulikuwa unawaka.

"Anasema anaogopa magari, Mwalimu," Ruthi akasema.

Mwalimu alimtazama Manase. "Una hakika? Mbona anacheka?"

"Ndivyo anavyocheka akiogopa."

Mwalimu alikuna shingo. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa huzuni, akampigapiga Manase begani. Manase akamgeukia dada yake kujua maana yake. Na Ruthi, ambaye alikuwa amekwisha kusema uwongo mmoja na bado angeweza kuurudisha, alisema wa pili. Alimwambia kwa mikono kwamba Mwalimu amekataa. Akagusa sikio lake, akapunga. Kwa sababu ya masikio.

Mwanga ulitoka usoni mwa Manase polepole. Hakulia. Alirudi kwenye dawati akaanza kuchonga penseli.

Ijumaa Safari hakuja shuleni, alikuwa Pongwe kwenye hitima ya babu yake. Wengine walikwisha kusikia kwa Mwalimu kwamba Manase anaogopa magari. Walimwita mwoga kwa midomo, ambako hasikii, na wakampa mgongo, ambao aliuona vizuri sana. Hakujua amewakosea nini. Alidhani wote wamekubaliana na Mwalimu kwamba kiziwi ni kiziwi. Jumamosi asubuhi alisimama kando ya barabara, lori likapita. Safari, aliyetoka Pongwe alfajiri na kudakia lori likitoka kiwandani, alimpungia kitu kwa mikono miwili. Vumbi likakifunika.

Ruthi alikuwa naye siku ile yote. Walikwenda kuokota kuni, akamchumia mapera, akampa yote yaliyoiva na yeye akala mabichi. Hakuna aliyewaingilia. Ilikuwa kama zamani, na kwa muda, akiwa ameketi naye kivulini, Ruthi alijiambia kwamba amefanya vema. Ila mikono ya Manase ilikaa mapajani siku nzima kama mikono ya mgonjwa. Jioni habari zikaja kwamba vijana wamefungwa mabao matano, golini akisimama Uweso, ambaye kila mpira ukija alikuwa anajikinga uso.

Jumatatu, karibu na pipa la maji, Ruthi aliwaona kwa mbali. Safari aliuliza. Manase akajibu kwa kugusa sikio. Safari akakunja uso, akatikisa kichwa sana, akauliza tena taratibu, akaonyesha kwa mikono magari, na mtu anayetetemeka. Ruthi hakuzijua ishara zote, lakini siku ile alizielewa zote. Manase akageuka, akamtafuta dada yake uwanja mzima kwa macho mpaka akampata.

Hakumpiga, wala hakumshtaki kwa Mwalimu wala nyumbani. Ruthi alipomkimbilia na kuinua mikono aanze kujieleza, Manase alifumba macho.

Anayesikia hawezi kuyafunga masikio yake barabara, neno litapenya tu. Lakini mtu anayesikia kwa macho akiamua kuyafumba, hakuna mlango. Ruthi alimgusa bega, akamtikisa, akamshika viganja ajaribu kumwandikia kwa vidole. Manase aliutoa mkono wake kama mtu anayeutoa kwenye maji machafu. Asubuhi alitangulia shuleni peke yake. Dawatini alijisogeza ukingoni. Na jioni, baba alipofungua sala na Ruthi kuinua mikono, Manase alifumba macho mara moja, kichwa ameinamisha. Siku ya tatu Zebedayo alimwambia mkewe kwamba anamshukuru Mungu, mtoto ameanza kuwa mcha Mungu, tazama anavyosali siku hizi.

Siku tisa. Jumapili katikati yake, kanisani, watu walisimama kuungama dhambi kwa pamoja kama ilivyo desturi, naye akafungua mdomo na sauti isitoke. Aliwaza kwamba maneno yale yanasemwa na kila mtu, kila wiki, hata na wasio na la kuungama, na kwamba Manase, ambaye yeye alimkosea, hayasikii. Siku ya tisa, saa kumi alasiri, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee Mselem.

Mzee alikuwa barazani. Ruthi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, karibu, na mkewe, Bi Semeni, akamletea kigoda ambacho hakukikalia. Safari akatoka ndani anatafuna muhogo.

"Leo kinywa kimekuja kutafuta nini?"

Ruthi alisema anataka amsaidie kuzungumza na Manase. Yeye hasikilizwi.

"Unataka mkalimani."

"Ndiyo."

"Na mimi nikikufanyia ulivyomfanyia yeye? Niseme yangu?"

Ruthi alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. Manase asingemtazama yeye, angemtazama Safari, kwa ishara za kiwandani, za haraka, na Ruthi hangekuwa na njia yoyote ya kujua kama lililotoka kinywani mwake ndilo lililofika. Alisema, "Utasema utakalosema. Sina mwingine." Safari aliacha kutafuna. Akatupa ganda la muhogo, akaongoza njia.

Manase alikuwa uwanjani, anadaka mpira wa matambara ambao Uweso alikuwa anampigia. Alipomwona dada yake nyuma ya Safari, alianza kufumba macho. Safari alimwinulia mkono, ule wa filimbi, na kwa mazoea Manase akasimama akatazama.

Ruthi alisema yote. Alimweleza alivyomdanganya Mwalimu, alivyomdanganya na yeye, na kwamba Mwalimu hakusema lolote juu ya masikio. Safari aligeuza kila sentensi, akingoja nyingine, hana utani tena. Manase alisikiliza mpaka mwisho kwa macho makavu. Kisha akauliza kitu kifupi.

"Anauliza," Safari akasema, "ulitaka abaki peke yake?"

Ruthi alifungua mdomo aseme alikuwa anamlinda. Lilikuwa tayari ulimini, na lilikuwa karibu kuwa kweli.

"Mwambie ndiyo. Abaki peke yake na mimi."

Safari alisita, mikono imeinuka nusu. "Naweza kulilainisha."

"Usililainishe."

Akalisema. Ruthi aliona mikono inavyolipeleka, akaona linavyofika. Manase alijibu taratibu, na Safari akafasiri kwa sauti ya chini. Ulikuwa uso wa mtoto wa miaka kumi, lakini maneno hayakuwa ya mtoto. Kesho aende kwa Mwalimu akaseme mwenyewe, mbele ya darasa zima. Aondoke dawatini akae na wasichana wenzake. Na asimshike mkono njiani tena, hata kwenye tope.

"Mwambie nimesikia," Ruthi akasema.

Safari aligeuka afasiri, lakini Manase alimshika bega akamsogeza kando. Alimtazama dada yake moja kwa moja, macho wazi, akangoja. Ruthi aliinua mikono yake mwenyewe, akalisema tena. Manase akaitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akaokota mpira akarudi golini.

Siku iliyofuata Ruthi alisimama mbele ya darasa la tatu akasema, na Mwalimu Ernesti alimchapa fimbo nne za mkono, akamhamishia dawati la Saleha na Beatrisi. Mchana alikwenda nyuma ya darasa na kusimama kando ya wanaocheza rede, hajui aseme nini. Alisimama hivyo siku tatu. Siku ya nne Saleha alimwuliza kama amewekwa pale awe mti, au ataingia. Akaingia, akapigwa na mpira wa kwanza kabisa, akatolewa, na wote wakamcheka. Kutoka mahali alipokaa kungojea zamu yake aliweza kuwaona wavulana ng'ambo ya uwanja, Safari na Manase wakipeana ishara asiyoijua. Wivu ulimchoma palepale, kama jana, kama mwezi uliopita. Alihesabu mpaka kumi. Halafu Beatrisi akamwita kwamba zamu yake imefika, akasimama, akakung'uta vumbi la sketi, akaenda.